Wimbo wa Kitanda na Kaseti Moja

Bwana yangu alipigilia misumari kwenye ukuta wa sebule yangu bila kuniuliza. Nilitoka sokoni na kitunga kichwani, nikamukuta anatundika mikeka, ile mikeka yangu ya kulaza wageni, na dirishani amekwisha kufunga magunia ya mihogo. Nikamuuliza kama tumefiwa. Akasema hapana, tunarekodi.

"Munarekodi wapi?"

"Hapa hapa. Nyumbani."

"Na wageni watalala juu ya nini?"

"Wageni gani?" akasema, akapiga makofi katikati ya chumba, akainamisha kichwa kusikiliza, akapiga tena. Alitaka ukuta usirudishe sauti. Mimi ni muntu wa hasira, sifichi, hata leo na uzee huu wajukuu wananiogopa. Siku ile niliweka kitunga chini nikasema maneno ambayo siyarudilii hapa. Lakini nilijua kwa nini anafanya vile, kwa hiyo hasira yenyewe haikufika mbali. Nikaenda kuwasha moto.

Sababu ilikuwa mudogo wangu wa kiume. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, mimi na yeye, kule Mpala, karibu na misioni. Mimi niliolewa Kalemie na mukanika wa reli, na yeye akanifuata kutafuta kazi bandarini. Kazi aliipata, akaipoteza, akaipata tena, ikaisha. Kitu ambacho hakikuisha kilikuwa sauti. Bwana yangu alikuwa na orkestre ndogo ya kupiga kwenye arusi na ubatizo, na miaka ile ya Zaire treni zilitoka siku zikipenda, kwa hiyo mukanika alikuwa na nafasi ya kutosha ya kushika gitare. Yeye alipiga solo. Rafiki yake mumoja, mwalimu wa shule ya musingi, alipiga bese. Ngoma zilipigwa na muntu mumoja mwenye mikono minene ambaye kazi yake ilikuwa kuoka mikate. Na mudogo wangu aliimba. Hiyo njo ilikuwa orkestre yote.

Halafu sauti yake ikaanza kukwaruza. Tukasema ni vumbi la kiangazi. Tukamupa maji ya tangawizi, tukamupa asali kutoka Nyunzu, wapi! Mwisho akaenda kwa munganga wa hospitali. Munganga alimuangalia ndani ya koo na kioo kidogo, akasema kuna kitu kimeota mule, lazima kikatwe, na hapa hawawezi kukikata. Angojee munganga wa kupasua ambaye atakuja kwenye misioni moja ng'ambo ya ziwa kiangazi kikiisha. Mudogo wangu akamuuliza: "Na sauti?" Munganga akafunga kioo chake kwenye kitambaa. Akasema sauti itaondoka na kile kitu, asijidanganye, na ile iliyobaki aitumie kidogo kidogo.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Yeye alimushukuru munganga, akavaa kofia, na njiani aliniambia, mimi dada yake mukubwa, kitu kimoja tu: "Yaya, nataka Mama anisikie mbele ya kukatwa." Mama yetu hakuwahi kumusikia akiimba na gitare. Alimusikia kanisani tu, akingali mutoto, na tangu hapo mimi njo nilikuwa nikienda Mpala kumuambia mambo ya muji. Kila mara ananiuliza: huyu mutoto, kweli anaimba, ao watu wanamusifu bure? Basi ile misumari ilikuwa ya hiyo. Kutia sauti ya mudogo wangu ndani ya kaseti mbele haijaondoka.

Wimbo wenyewe aliutunga yeye. Ni wimbo wa kijana anayepanda milima kwenda Kirungu kuoa, na amebeba kitanda kichwani kwa sababu baba mukwe alisema binti yake hatalala chini. Anapanda, baridi inamupiga, watu wa njiani wanamuchekelea, wanamuuliza mugonjwa wake yuko wapi. Kwenye arusi watu walikuwa wanajishika mbavu. Lakini kulikuwa na mahali anasema, "Kitanda nimebeba, mama, kilima hakiishi," na kwenye neno lile la mwisho sauti ilishuka, ikashuka pole pole, na mbele ya kugusa chini aliachia pumzi kidogo, kama muntu anayetua muzigo. Pale watu waliacha kucheka. Na mimi niliyemubeba mugongoni nilikuwa nikifika pale nageuka kuangalia pembeni, wasione uso wangu.

Sasa, kurekodi. Wenye studio wana vyombo vya kupunguza hii na kuongeza ile. Sisi tulikuwa na radio-kaseti moja iliyokuja na boti kutoka Kigoma, na mbele yake kuna katundu kadogo. Katundu kale njo kalikuwa mikro yetu. Kila sauti ipite pale. Ukitaka gitare ipungue, huna kitu cha kuzungusha. Unamurudisha muntu nyuma. Ukitaka sauti ya mwimbaji iongezeke, unamusogeza mbele. Bwana yangu aliweka ile mashine juu ya kigoda, akachukua chaki, akaanza kupanga watu kwa miguu. Sogea. Tena kidogo. Rudi. Hapo! Na pale muntu aliposimama vizuri anachora musalaba chini kwenye sima, ile saruji ya sebule, ili Sunday nyingine asimame pale pale. Kwa sababu tulifanya Sunday tu, tukitoka misa, mbele ya upepo wa ziwa kuamuka. Siku ya posho, ile ya kuamukia Sunday, watu wote walikuwa kwenye salongo, kazi ya lazima ya serikali, majembe na nyimbo za chama kila kona.

Muoka mikate aliangalia ile misalaba kwenye sima akasema: "Hii si repetisio, kamarade. Haya ni makaburi." Mudogo wangu alicheka mupaka akakohoa.

Ngoma njo zilisumbua zaidi. Ndani zilimeza kila kitu. Bwana yangu akamurudisha muoka mikate mupaka mulangoni, bado. Akamutoa nje, bado. Mwisho alimuweka karibu na jiko langu, kando ya sufuria, anapigia huko mbali na haoni muntu hata mumoja. Ataanza namna gani? Wakaniangalia mimi. Basi nikapewa kazi: nisimame mulangoni, jicho moja ndani, jicho moja nje. Bwana yangu akitikisa kichwa, mimi nashusha mukono, muoka mikate anaanza. Nilimuambia bwana yangu kwamba muke wa muntu si taa ya barabarani. Lakini nilisimama. Mwalimu wa bese alielekezwa kwenye kabati, mugongo kwa wenzake, ili sauti igonge mbao kwanza. Alisema amewahi kufundisha watoto wagumu, lakini hajawahi kupigia kabati muziki.

Kwa kweli ilikuwa inapendeza. Nisidanganye. Kila Sunday ilikuwa inatoka safi zaidi. Solo ilisikika kamba kwa kamba, bese ikawa ya mviringo, ngoma ziko mbali lakini ziko. Bwana yangu alikuwa na sikio, hilo sitamunyima. Aligundua kwamba viatu vya mwalimu vinalia, wakavua viatu wote. Aligundua kwamba kuku wangu wanaingia kwenye muziki, kuku wakapelekwa kwa jirani. Saa ya ukutani ikatolewa. Hata mimi nilikatazwa kuvaa bangili.

Lakini angalia shida ilipolala. Kupanga kwa miguu kunataka kila muntu atoe nguvu yake yote, sawa na siku ya kurekodi, kama sivyo huwezi kujua asimame wapi. Nilimuambia mudogo wangu aimbe chini chini kwenye repetisio, maana ni mazoezi tu, aiweke sauti. Bwana yangu akasema: "Akiimba chini chini nitamuleta karibu, na siku akiimba kweli atapasua katundu." Nikasema munganga amesema kidogo kidogo. Akasema: "Njo maana tunafanya haraka." Haraka! Kiangazi chote kilipita tukisogeza watu hatua mbele, hatua nyuma, na kila hatua mudogo wangu anaimba wimbo muzima, anapanda Kirungu na kitanda chake, anashuka, anapanda tena.

Na yeye mwenyewe hakukataa. Hilo njo lilikuwa likinichoma. Akimaliza anauliza, "Shemeji, ilikuwa namna gani?" na bwana yangu akisema "bado kidogo," anasema "turudilie." Nilimuvuta pembeni, nikamuuliza kama ana akili. Akaniambia: "Yaya, ni kitu kimoja tu nitaacha nyuma yangu. Unataka niache kibaya?" Nilimupa maji ya moto.

Kitu kingine: kaseti. Maduka yalikuwa matupu miaka ile, ungeweza kukuta rafu nzima ya kiberiti na hakuna kingine. Bwana yangu alipata kaseti moja mupya, moja, kwa mufanyabiashara wa Kigoma, ikiwa bado ndani ya nailoni yake. Kaseti zingine za nyumbani zilikuwa zimechoka, utepe umevutika, sauti inayumba kama mulevi. Kwa hiyo tulirekodi kwenye ile moja. Tukisikiliza na haikumupendeza, anarudisha nyuma na tunarekodi juu yake. Ya leo inakula ya jana.

Halafu ikafika Sunday ile.

Watoto walikuwa wamepelekwa kucheza mbali. Umeme ulikuwepo, na umeme kuwepo Sunday ilikuwa baraka. Ziwa lilikuwa limetulia, sikusikia hata boti. Bwana yangu akatikisa kichwa, nikashusha mukono, muoka mikate akaingia pale pale, na wimbo ukaanza kwenda wenyewe. Sijui kusema ilikuwa nini. Siku ile hakuna aliyemungojea mwenzake. Mudogo wangu alisimama kwenye musalaba wake, macho wazi, mikono imelegea, na koo lake lilimuachilia. Ule ukwaruzo ulikuwepo lakini ulikaa chini ya sauti, ukaitia uzito ambao haukuwepo zamani. Akafika kwenye "kilima hakiishi," akashuka, akashuka, akaachia pumzi. Mimi mulangoni machozi yananitoka na siwezi kupangusa, kwa sababu mukono wangu njo alama ya muoka mikate.

Ukaisha. Bwana yangu akarudisha kaseti, tukakaa chini kwenye sima wote, na muoka mikate akaja na vijiti vyake mukononi, tukasikiliza. Kweli ilikuwa ile ile. Ilikuwa yeye, mudogo wangu, muzima, ndani ya kile kisanduku. Na tulipofika pale anaposhuka, mbele ya ile pumzi, tukasikia kwa mbali, barabarani, mama mumoja anapita na sinia lake la samaki wadogo: "Ndagalaaa!"

Tulicheka wote. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Yule mama alikuwa amelivuta neno lake lirefu, na limeingia katikati kabisa ya kimya. Muoka mikate akasema, "Iacheni hivyo hivyo. Njo hii. Haitakuja ingine." Mwalimu pia akasema njo hii. Bwana yangu alikuwa anaangalia mashine. Ninajua, angeweza kuiacha. Niliona usoni kwake kwamba moyo unamuambia aiache.

Mudogo wangu njo alisema: "Tuifute."

"Unasema nini?" nikauliza.

"Mama atasikia ndagala, Yaya. Atacheka. Sitaki acheke pale."

"Mama amekula ndagala maisha yake yote! Atajua ni Kalemie! Muache huyo mama apite na ndagala zake!"

"Tuko tayari sasa," akasema. "Kila muntu anajua pahali pake. Turudilie mara moja tu, na itatoka safi."

Nikasema basi hii tuitoe pembeni, tuiweke, na hiyo ingine tuirekodi kwenye kaseti yangu ya nyimbo za kanisa. Nilikuwa nayo, imekatwa masikio ili isifutwe, lakini ukiziba vile vitundu na karatasi inarekodi vizuri. Nilikuwa tayari kupoteza nyimbo zangu zote za Bikira Maria. Nikaileta. Bwana yangu akaiingiza, tukasikiliza kidogo, na kweli ilikuwa inavuta, sauti zinapanda na kushuka. Akaitoa akanirudishia. "Hii itaharibu sauti yake," akasema kwa upole. Upole ule ningependa usiwe. Angenifokea ningemufokea, nyumba ingewaka moto, na pengine kaseti ingepona. Lakini alisema kwa upole, na mudogo wangu alikuwa amekwisha kusimama kwenye musalaba wake, na bwana yangu akabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja.

Wakaanza. Katikati ya wimbo umeme ukakatika.

Ile ya ndagala ilikuwa imeliwa mupaka zaidi ya nusu, mupaka kupita pale anaposhuka. Mbele utepe una mwanzo mupya uliokatika, nyuma umebaki na gitare za kumalizia. Tuliisikiliza umeme uliporudi. Hakuna aliyecheka.

Tangu Sunday ile haikutoka tena. Unafikiri hatukujaribu? Sunday iliyofuata alifika kwenye neno la mwisho na sauti ikapasuka vipande viwili. Iliyofuata, aliimba nusu, akakaa chini. Bwana yangu alimusogeza karibu na mashine, halafu karibu zaidi, anafuta musalaba wa zamani na kuchora mupya, mupaka mudogo wangu akawa amepiga magoti mbele ya kigoda, mudomo karibu unagusa katundu. Gitare zilirudishwa nyuma kabisa ili zisimufunike. Nikasimama mulangoni nikaangalia muntu muzima anapigia radio magoti. Nilitamani kuichukua ile mashine niitupe ziwani. Nilisema nitaitupa. Mudogo wangu aligeuka akaniangalia tu, nikabaki pale mulangoni.

Sunday ya mwisho alifungua kinywa na ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Pumzi. Bwana yangu akazima mashine, akakaa na gitare kwenye mapaja, na mwalimu, ambaye alikuwa bado ameelekea kabati, akauliza, "Nini? Mbona tumesimama?" Nje muoka mikate alikuwa anangojea mukono wangu.

Akaenda ng'ambo, akakatwa, akarudi na kitambaa shingoni. Munganga hakukosea. Alipona, alikula, aliongezeka mwili hata, lakini kusema alisema kwa midomo na mikono, na ukitega sikio karibu sana unapata kakelele kadogo ka hewa. Watoto wangu walizoea haraka kuliko mimi. Mimi nilikuwa namusemesha kwa sauti ya juu, kama vile yeye njo kiziwi. Mupumbavu mimi.

Mikeka ilikuwa bado ukutani. Sikuitoa, hata sijui kwa nini. Siku moja bwana yangu alileta muntu wa kwaya ya parokia, kijana mutulivu, fundi wa mbao, mwenye sauti safi ya kanisa. Nikajua mara moja. Nikamuita bwana yangu uani, nikamuuliza ana moyo wa namna gani. Akasema si yeye aliyemuita. Akasema: "Muulize mudogo wako."

Ilikuwa kweli. Mudogo wangu njo alikwenda kumutafuta. Alitaka wimbo uingie kwenye kaseti, na Mama alikuwa angali akingojea Mpala. Akamufundisha yule kijana, mimi nikiona, siku nyingi. Alikuwa anapiga tempo kwenye goti lake, anamuonyesha kwa kiganja namna sauti inavyoshuka, pole pole, pole pole, na anafika chini anafungua vidole: pumzi, hapo. Kijana akikosea anamugusa kifua. Tena. Akipata, anamushika kichwa kwa mikono miwili. Mwisho yule kijana aliimba kama yeye. Si karibu na yeye. Kama yeye.

Wakarekodi mara moja. Mara moja tu, munasikia? Kila muntu alikuwa anajua pahali pake, misalaba yote ilikuwa sawa, na muntu wa kwaya alikuja na koo lake jipya, akasimama, akaimba, basi. Hakuna muuza ndagala aliyepita. Umeme haukukatika. Mudogo wangu alikaa chini ya dirisha na mikono magotini. Tulipoisikiliza, ilikuwa safi kama maji ya mutungi. Bwana yangu alilia. Mimi sikulia. Nilitoka nikaenda kwa jirani kuchukua kuku wangu.

Tulikwenda Mpala na boti, mimi na mudogo wangu, tumeifunga radio-kaseti kwenye kitenge isipigwe na maji, pamoja na betri ambazo mwisho zilikuwa zimepatikana. Mama alikuwa ameketi nje anachambua maharagi. Nilikuwa nimekwisha kumutumia habari ya ugonjwa, kwa hiyo hakushangaa kuona mutoto wake anasalimu kwa mikono. Alimushika shingo, akakiangalia kidonda, akamuuliza kama anakula. Halafu akapangusa vidole kwenye nguo akasema: "Haya. Nisikie sasa."

Njiani nilikuwa nimeapa nitamuambia ukweli. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nikabonyeza, wimbo ukaanza, na Mama akainama mbele, sikio kwenye mashine, mudomo wazi kidogo. Alicheka kwenye kitanda. Alicheka kwa watu wa njiani. Ikafika "kilima hakiishi," sauti ikashuka, pumzi ikaachiwa, na Mama akaacha kucheka. Akaweka kiganja chake kwenye goti la mudogo wangu, akakiacha pale mupaka mwisho.

"Njo yeye," akaniambia mimi. "Njo yeye kabisa. Ningemujua katikati ya watu elfu."

Nikafungua kinywa. Mudogo wangu akanishika mukono, akanifinya kwa nguvu, na macho yake hayakuniangalia mimi, yalikuwa kwa Mama. Nikafunga kinywa. Mama akasema: "Tia tena." Nikarudisha kaseti, nikatia tena.

Tulimuachia kaseti na mashine pia. Bwana yangu hakuuliza. Orkestre haikurekodi kitu kingine, na yule muntu wa kwaya alirudi kwenye kanisa lake. Sina ubaya naye, alifanya kazi aliyoombwa. Mudogo wangu alibaki na sisi, akajifunza kushona nyavu za wavuvi, kazi isiyotaka kusema. Hakumulaumu muntu hata mumoja. Mimi nimelaumu kwa niaba yake, nimelaumu umeme, kaseti, maduka, bwana yangu, munganga, na yule mama wa ndagala ambaye sikumuona hata uso. Haikusaidia kitu.

Siku moja, muda murefu kisha mambo hayo, nilikuwa nafua nguo ziwani peke yangu, nikasema ngoja nimusikie. Nikafumba macho nikamutafuta kwenye ule wimbo, Sunday ile, mimi mulangoni. Ikaja sauti ya muntu wa kwaya. Nikasema hapana, si wewe ninayekutafuta. Nikamutafuta kwingine: akiwa mutoto anagombana na mimi juu ya blanketi, akiwa kijana anashuka kwenye boti na sanduku lake, anaita kutoka nje nimufungulie. Nilimuona vizuri kila mahali, nguo yake, meno yake. Anafungua kinywa kuniita, na kila mara sauti inayotoka ni ya yule mwingine.